Saumu ya Doto na Upepo wa Nyota Pacha

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu, aliyezitandaza mbingu na kuzijaza nyota ambazo wengi wetu tutakufa bila kuzijua. Namshukuru kwa magoti ambayo bado yanakubali kusujudu, kwa wajukuu aliotupa, na kwa yule aliyemchukua.

Usiku ule nililala na udhu kama desturi yangu, lakini moyo haukutulia. Mjukuu wangu Doto alikuwa anakwisha. Pacha wake, Kulwa, aliugua tangu kabla ya Ramadhani, mwezi mzima hakuweza kufunga, na ugonjwa huohuo ukamchukua. Tulipomaliza kuzika, Doto akaanza kumfungia. Alizifunga siku zote alizozikosa dada yake, kisha hakuacha. Mimi niliyefundisha fiqhi tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi nilimweleza: mgonjwa aliyekufa bila kupata nafuu ya kulipa hadaiwi saumu. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, babu," na kesho yake akafunga tena. Jua likizama alionja uji kidogo, akasukuma bakuli. Siku hizo alikuwa akiinuka kutoka kwenye sijida anashika ukuta, na mama yake alikuwa ameanza kunitazama kama mtu anayeogopa kuzika mara ya pili.

Usingizi ukanichukua hivyo hivyo.

Nikajiona niko madrasa, pale nilipofundishia miaka yote, lakini mikeka imeondolewa na sakafu imejaa mpunga. Kulwa ameketi katikati yake, amekunja miguu, anapepeta kwa ungo. Mwili wake umejaa, si kama siku zile za mwisho. Simwulizi ametoka wapi.

"Mume wangu," ananiambia, kama alivyoniita kwa utani tangu utotoni, "ndevu gani hizo? Siku hizi unanyolewa na mbuzi?"

"Aninyoe nani, na wewe umeniacha?"

Nacheka. Halafu nakumbuka kwamba nilimswalia mwenyewe, na kicheko kinanikauka mdomoni.

Niseme hapa kwamba Kulwa alisomea elimu ya nyota chuo kikuu, na kila likizo alinikalisha barazani akinieleza. Kuna nyota zinazoishi mbili mbili, alisema. Moja ikimaliza uhai wake hujikunja, ikawa ndogo na nzito kupita kiasi, wala haiachi kumvuta mwenzake. Gesi ya ile iliyo hai humwagika kuielekea ile mfu, lakini haidondoki moja kwa moja. Huizunguka ikawa kama sahani, ikapata moto mpaka ikatoa miale ya eksirei, ileile ya kupigia picha mifupa hospitalini. Na kwenye sahani hiyo huvuma upepo.

"Upepo huo umeuona wewe?" nilimwuliza siku moja.

"Hauonekani, babu. Mwanga ukipita ndani yake unapungukiwa rangi fulani. Tunautambua upepo kwa zile rangi zilizokosekana."

"Kumbe wewe unasomea visivyoonekana!"

"Na wewe je, mume wangu? Umefundisha nini maisha yako yote?"

Nilimwombea dua tu.

Basi katika ndoto ungo unakua. Sikuona ulianza lini. Kuta za madrasa hazipo tena, tumesimama gizani, na ungo umelala mbele yetu mpana kama uwanja, unazunguka, ukingoni polepole, ndani kwa kasi, na karibu na kitovu umewaka weupe unaoumiza macho. Ng'ambo yake amesimama Doto. Kifuani pake panamwagika kitu kama unga unaong'aa, kinakuja kwenye ungo kikiwa uzi mmoja mrefu. Anamwaga, na kila anapomwaga anapungua.

"Mwambie aache!" nasema.

"Tazama kwanza, babu," Kulwa ananijibu.

Natazama. Nilidhani upepo utatoka pembeni, kama unavyokuja mtu anapopepeta uani. La. Unainuka kutoka kwenye ungo wenyewe, kutoka kwenye ule moto. Unauchukua unga wa Doto kabla haujafika katikati na kuutawanya gizani. Kinachofika kwa Kulwa ni haba mno, na hicho nacho hakioti wala hakimshibishi mtu.

"Njaa yake hainifikii," anasema. "Inapeperuka njiani. Na mimi sidaiwi, babu. Nimepokewa vizuri."

"Na dua zetu?"

Anatabasamu. "Dua haipiti kwenye ungo."

Kisha anamtazama pacha wake kwa muda mrefu, na uso wake unakuwa mzito. "Mwanga wake umepungukiwa. Mwambie nimeona. Mwambie ale."

Nataka kumshika mkono. Nanyoosha mkono, na ninachokishika ni ubao wa kitanda.

Nililia kidogo, nikamshukuru Mungu, nikaenda kuswali alfajiri. Ndoto si hukumu ya sheria. Nimefundisha hivyo na bado nasema hivyo. Lakini sheria nilikwisha kuisema, na haikusikika.

Kulipopambazuka nilimkuta Doto uani anafagia, huku akipumzika kila hatua.

"Mke mdogo, njoo hapa."

"Labeka, babu."

Nikamsimulia yote. Alisikiliza ameshika fagio. Nilipofika kwenye mbuzi na ndevu zangu, alicheka kwa sauti, na kicheko kilekile kikageuka kilio. Nilimwacha alie. Kisha akauliza, "Kama haimfikii, hii njaa yangu yote imekwenda wapi?"

"Nia yako Mungu anaijua, hapotezi kitu. Lakini kwa Kulwa haikufika. Amesema ule."

Jua lilikuwa limekwisha panda ukutani. Mara akaegemeza fagio, akaita kuelekea jikoni kwa sauti nyembamba:

"Mama, nimiminie chai. Na ule muhogo, kama upo."

Mama yake akatoka mlangoni. Akamtazama Doto, akatazama jua, akanitazama mimi. Alirudi ndani haraka, nikasikia vikombe vinagongana. Doto akaketi juu ya mkeka, mchana kweupe, akasema bismillahi, akala.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu awarehemu waliokutangulia, azipokee dua zako kwa ajili yao, na akubakishie hamu ya kula riziki yako kwa shukrani. Amin.