Mgeni wa Mama Husna

Ukifika Msambweni ukauliza nyumba ya Mishi, utazungushwa mpaka miguu ife ganzi. Uliza nyumba ya Mama Husna, na hata kuku watakuonyesha njia. Mishi ndivyo kilivyoandikwa kitambulisho chake; Mama Husna ndiye yeye. Jina hilo alilipata siku aliyojifungua, na tangu mumewe aende zake asionekane tena, amelibeba peke yake, akiuza mahamri na mbaazi kila asubuhi, mpaka Husna akasoma, akapata kazi hotelini Galu, kisha kazi ya kiwanda cha samaki huko Norwei.

Basi siku hiyo Mama Husna alikuwa hashikiki. Husna anakuja likizo, mara ya kwanza baada ya miaka mitano! Mahamri hayakuuzwa. Ua lilifagiliwa, likafagiliwa tena. Mkeka mpya ulitandikwa, ukakunjwa, ukahamishiwa upande wenye upepo. Jirani yake Jumwa alisimama mlangoni na vikombe vya kuazimwa, akicheka.

"Mama Husna, kwani unaolewa?"

"Nikiolewa nitakualika ukoshe masufuria. Lete vikombe hivyo!"

Lakini ndani ya furaha hiyo mlikuwa na mwiba, na heri niuseme mapema. Husna hakuwa akija peke yake. Alikuwa akija na Luz, mwanamke wa Kifilipino anayefanya naye kazi kiwandani. Wafilipino ni wengi katika mji ule, na kila Jumapili hujazana nyumbani kwa Luz, wakapika, wakaimba, wakapigia simu makwao. Majira ya baridi ya kwanza, jua lilipogoma kuchomoza wiki baada ya wiki, Husna aliugua. Luz ndiye aliyemchukua kwake, akamwuguza, akampikia uji wa mchele na tangawizi kwa sufuria mpya aliyoinunua makusudi, isiyowahi kuguswa na nguruwe, kwa kuwa Husna ni Mwislamu. Mama Husna aliposikia habari ya sufuria ile alilia kwa shukrani.

Kisha siku moja, kwenye simu, akamsikia mwanawe akimwita yule mwanamke "Nanay." Akauliza maana yake. Akaambiwa ni mama, kwa lugha ya kwao.

Mama? Mama mwingine wa nini? Wivu ulimkaba siku ile na haukumwachia. Juzi alimwambia Husna waziwazi, "Nyumbani kwangu neno hilo nisilisikie." Husna akajibu, "Sawa, mama." Mama Husna akaenda kununua kuku wawili. Angepika wali wa nazi na kuku wa kupaka, mgeni ale mpaka ajue mwenyewe nani ni mama wa nani.

Gari lilisimama saa za adhuhuri. Vigelegele! Husna alitoka mbio, viatu huku, mkoba kule, akajitupa kifuani.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu! Marahaba, marahaba!"

Walishikana hivyo kwa muda, wakicheka na kulia. Mama Husna alipoinua macho alimwona mwanamke mfupi wa makamo, amejifunga leso kombokombo, amesimama kando ya masanduku akifuta machozi. Alikuwa akitabasamu kama sherehe ile ni yake pia. Mama Husna akampa mkono, akamkaribisha vizuri, akaingia jikoni.

Luz akamfuata. Alipoiona mbuzi ya kukunia nazi alipiga ukelele, akaiketia bila kuambiwa, akatwaa kipande cha nazi na kuanza kukuna. Nazi ilianguka nyeupe na laini, hata Jumwa aliyekuwa akichungulia akaguna. Luz akasema neno, na Husna akatafsiri: kwao kifaa hicho kipo vilevile, ila wao hukiita farasi.

"Farasi? Mwambie huyu wa hapa ni mbuzi, asimkimbize sana!"

Walicheka wote mpaka Mama Husna akajifuta macho kwa leso. Na kwa kuwa alikuwa amechangamka, akauliza, "Yeye ana watoto?"

Luz alijibu huku anakuna. Anaye mmoja, Jovelyn. Alimwacha kwa dada yake akiwa bado ananyonya, akaenda kutafuta maisha. Sasa Jovelyn yuko chuo kikuu.

"Anasema Jovelyn humwita huyo dada aliyemlea Nanay," Husna akatafsiri, sauti ikishuka. "Yeye aliyemzaa huitwa Luz tu. Anasema si kosa la mtoto."

Mikono ya Mama Husna ikasimama ndani ya tui. Aibu ilimpanda, na huruma ikaja juu yake, asijue aanze kumeza ipi. Akaendelea kukamua tui.

Chakula kilipopakuliwa, Luz alikuwa uani akinawa. Husna akaita, "Luz! Njoo tule!"

"Luz ni rika lako?" mama yake akamkemea. "Mwite unavyomwita kule."

Husna akamkodolea macho. "Lakini mama, ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

"Nanay!" Husna akaita.

Luz alikuja haraka, mikono ikichuruzika maji, akasimama kizingitini akimtazama mwenye nyumba. Mama Husna alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyo kando yake.

"Karibu, Mama Husna," akamwambia Luz. "Njoo ukae."