Bunduki Iliyokataa Kuzama

Bunduki ya mshale ya dukani Kismayu haikunifaa, na sababu yake ni rahisi. Ili kuipakia, unaegemeza kitako kifuani, unakamata mpira kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu mpaka ushike kwenye mshale. Mimi kiwiko cha kulia kilivunjika nikiteremsha mashine ya boti, kikaunga vibaya, na mkono haunyooki tena. Wenzangu walipozamia samaki kwenye miamba ya nje ya kisiwa cha Koyama, nilibaki botini nikipika chai na kupokea nusu fungu. Nahodha akanionya kabisa: msimu mpya ukianza, anataka wazamiaji tu.

Nikamwendea kaka wa mke wangu, fundi wa boti.

"Shemeji, niundie bunduki ya kipimo changu."

Alinipima mkono kwa kamba, akatikisa kichwa. "Hii itakula pesa. Mara tatu ya ile ya dukani."

Nikueleze pesa ilikwenda wapi, maana huenda nawe unawaza kuundiwa kitu chako. Mbao ilikuwa rahisi, kipande cha msaji kutoka boti kuukuu. Chuma cha mshale kiliagizwa mjini. Mpira mmoja mnene ukawa miwili myembamba, niivute mmoja mmoja. Kilichonimaliza ni kifyatulio. Alikikata kwa tupa, akaharibu viwili kabla ya kupata cha tatu, na vyote vitatu nililipia mimi. Anayetaka kitu cha kipimo chake hulipia na makosa ya kukitafuta hicho kipimo. Usiogope, ndivyo kazi hii ilivyo.

Pesa yenyewe ilikuwa ya mabati ya kuezekea jiko. Mke wangu alinikabidhi bila kelele.

"Chukua. Lakini mvua ikininyeshea jikoni, mwavuli utaushika weye."

Siku ya kuijaribu, nusu ya kijiji ilikuwa ufukweni. Nikavuta pumzi, nikazama, na bunduki ikanirudisha juu. Nikazama tena, ikanivuta juu tena, mdomo wake ukitazama mbinguni.

"Itilieni tanga!" nahodha akapiga kelele kwa Kibajuni chetu. "Huyu mchu yuwaenda Mombasa!"

"Shemeji," nikamwambia fundi huku nikitema maji, "umeniundia bunduki au mtumbwi?"

Ikajulikana kwamba alikuwa ameuonea huruma mkono wangu. Ili bunduki iwe nyepesi, aliipasua mbao, akaichimba tumbo, akaifunga tena na kuiziba kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka boti. Maisha yake yote kazi yake ni kuzuia vitu visizame.

"Miaka yote hii," akasema kwa hasira, "sijalaumiwa kwa kitu kuelea!"

Watu walicheka mpaka wakakaa mchangani. Mimi sikucheka. Msimu ulikuwa umefika, na mabati yalikuwa yameshageuka kipande cha mbao kinachoelea.

Lakini fundi hakwenda nyumbani. Aliifungua kwa patasi pale pale na kuipachika chubwi za nyavu, vile vipande vya risasi vinavyozamisha wavu. Akaweka moja, akaifunga, akaitia majini. Bado. Akaongeza nyingine. Mwishowe bunduki ikatulia chini ya maji, haipandi wala haishuki. Nilipouliza bei ya chubwi, alinikatiza: "Hiyo ni faini yangu."

Kesho yake nikateremka na wenzangu. Mpira wa kwanza, mpira wa pili, mkono uliopinda ukavuta vizuri. Chewa alikuwa mdomoni mwa pango, mnene kama gunia la mchele. Nilinyoosha mkono wa kushoto, ulio mzima, bunduki ikakaa nilipoiweka, nikafyatua. Nilipoibuka naye, nahodha mwenyewe aliinama kumpandisha botini.

"Na chai leo anapika nani?" akauliza mmoja.

"Pika weye," nahodha akamjibu. "Huyu ana fungu zima."

Fundi nilimpelekea kichwa cha chewa, akakipokea kama mtu aliyekuwa akikidai.

Jioni ile mvua ilinyesha. Mke wangu alikuwa akikaanga chewa jikoni, maji yakidondoka karibu na sufuria, nami nimesimama nyuma yake na mwavuli.

"Uinue kidogo," akasema.

Nikauinua, kwa mkono ule ule usionyooka.