Kichuguu Kilichonyimwa Ngoma

Wiki jana walinialika shule moja upande wa Lurambi, huku kwetu Kakamega, nikasikilize wanafunzi wa kidato cha nne wakieleza utafiti wao. Kila mmoja alikuwa na swali lake. Kijana mmoja alikuwa amechunguza maji ya visima vya kwao, na msichana mmoja alikuwa ameotesha maharagwe kwenye majivu. Nilikuwa nimewekewa kiti cha mbele, mgeni wa heshima, na nikajikuta nacheka peke yangu mpaka mwalimu wao akaja kuniuliza kama niko sawa. Niko sawa kabisa, nikamwambia, nimekumbuka tu mambo ya zamani.

Usidhani mambo haya yameletwa na simu, rafiki yangu. Sisi tuliyaonja miaka ile bendera yetu ingali mpya. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa kijana, Mwafrika wa kwanza kutufundisha sayansi, ilhali mwalimu mkuu bado alikuwa Mzungu. Tulipokaribia kufunga shule mwezi wa nne, huyo wa bayolojia alitwambia kila mmoja aende nyumbani na swali ambalo jibu lake halimo kitabuni, alichunguze mwenyewe, kisha tukirudi asimame mbele ya wazazi aeleze alichokiona. Tukaduwaa. Tulizoea kukariri mito ya Ulaya. Mwenzangu ambaye wazazi wake walikuwa wamepata shamba Likuyani akachagua mahindi. Mwingine akasema atachunguza kwa nini fahali wa Malinya hupigana vizuri asubuhi, na mwalimu akaliandika swali hilo bila kucheka. Mimi nikachagua kumbikumbi.

Nyumbani kwetu ni huko huko Malinya, na baba yangu alikuwa na lake moyoni. Ndugu zake walishaanza kumwambia kwamba msichana ametosha kusoma. Aliniambia wazi, bila ukali: "Nitakuja nisikie utakachosema mbele ya watu. Ndipo tuzungumze habari ya kidato cha tano." Basi ukitaka kujua nilikuwa na hofu kiasi gani, ndicho hicho. Masomo yangu yote yalikuwa yamewekwa juu ya wadudu wenye mabawa.

Nyanya yangu, Kukhu tulivyomwita, alikuwa na vichuguu viwili nyuma ya migomba. Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama vile ng'ombe ana mwenyewe. Mvua za masika zikishanyesha na jua likachomoza kali, aliinamisha fito juu ya matundu, akazifunika kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu, akaacha upenyo mmoja wa mwanga wenye shimo dogo mbele yake. Kisha akaketi chini, akalaza ubao ardhini na kuupiga kwa vijiti viwili, haraka haraka, kama mvua juu ya bati, huku anaimba. Kumbikumbi walitoka wakifuata mwanga, wakatumbukia shimoni. Tuliwala wabichi, tukawala wa kukaanga kwa obusuma, ugali wetu, na waliobaki tukawaanika. Hadi leo nikisikia harufu yao kikaangoni mate yananijaa.

Swali langu lilikuwa hili: je, wanatoka kwa sababu ya ngoma, au wangetoka tu? Nilitaka kichuguu kimoja kipigiwe na kingine kiachwe kimya. Kukhu akaniuliza: "Na wakikataa kutoka, utakula swali lako?" Kwake, kichuguu kilichofunikwa kisiimbiwe kimetukanwa, na kitahama. Lakini siku ya pili aliniita jikoni, akaniambia uhuru umefika, basi na ufike mpaka kwa kumbikumbi. Akanipa kichuguu kimoja, na alinipa kwa uchungu, nilimwona.

Siku yenyewe ikafika. Tulifunika vyote viwili asubuhi. Kukhu akaketi kwenye chake akaanza kupiga, na haukupita muda shimo lake lilianza kujaa. Changu kimya, hata mmoja hakutoka. Nikaona jibu langu limeshapatikana. Nikakimbia nyumbani kuleta kikapu kingine, maana cha Kukhu kilikuwa kinafurika.

Niliporudi nikasikia ngoma mbili.

Jirani yetu, mama mmoja mkarimu kupita kiasi, alikuwa akipita njiani kutoka mtoni. Akaona kichuguu kimefunikwa vizuri na hakuna anayekipigia. Alijua Kukhu ni mjane na mikono yake ni miwili tu. Akatua mtungi, akaokota vijiti, akaketi, na sasa alikuwa anaimba kwa sauti yake yote huku kumbikumbi wakimiminika. "Watu wanasaidiananga," akaniambia, jasho likimtoka. Kukhu alikuwa amemwona, lakini utamwambiaje mtu mzima aache kukusaidia? Hata mimi sikuweza. Nilimshukuru kwa mikono miwili, kisha nikaenda nyuma ya migomba nikalia.

Siku ya wazazi nilisimama nikaeleza yote, pamoja na jirani na mtungi wake. Watu walicheka, mwalimu wangu akacheka zaidi yao. Mwalimu mkuu akauliza jibu la swali ni lipi basi. Nikamwona baba amekunja mikono. Nikasema, "Sijui bado."

Ndipo Kukhu, aliyekuja pamoja na baba, akasimama kule nyuma, akasema kwa lugha yetu, naye mwalimu akamtafsiria Mzungu: "Mwaka ujao tutanyamaza. Mwacheni aulize tena."

Tulipofika nyumbani, pale langoni, baba akasema mtu hatolewi kazini kabla kazi haijaisha. Nami nikarudi shuleni, nikaingia kidato cha tano, na huko mbele nikafika mbali kuliko nilivyoota.

Masika yaliyofuata, Kukhu aliwaita wanawake wa kijiji chetu, na yule jirani akiwa wa kwanza. Waliketi kukizunguka kichuguu kimoja, mikono mapajani, midomo imefungwa, wao ambao sikuwahi kuwaona wamenyamaza hata kanisani. Jua likapanda. Tukangoja mpaka nikaanza kuona haya. Kisha kumbikumbi wakatoka, wamechelewa na si wengi, lakini walitoka. Kukhu akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe tulikuwa tunajiimbia wenyewe," akasema. Akachukua vijiti vyake, akapiga hivyo hivyo.

Vichuguu vile vilisawazishwa zamani, na pale pamesimama nyumba ya mawe ya mtu nisiyemjua. Kukhu hayupo, jirani hayupo, na mwalimu wangu naye tulimzika. Kumbikumbi bado wapo, nikiwataka nawapata sokoni Kakamega wakiwa tayari sahanini. Nisiowapata popote ni wale wanawake, wameketi kimya juani kwa ajili ya swali la msichana mmoja.