Sauti ya Tatu kwenye Waya wa Kata

Ni mimi. Kwa miaka mingi nimekana, mbele ya walimu wenzangu, mbele ya Katibu Kata, na mara moja mbele ya padri ambaye wala hakuwa ameniuliza. Aliyekuwa akinyanyua mkono wa simu na kusikiliza maongezi ya ofisi ya kata ni mimi, tena si mara moja wala kwa bahati mbaya. Nilikuwa na mbinu: nilifunika pa kuongelea kwa kitambaa cha kufutia ubao, kisha nikapumua kwa pua. Baadaye nilikwenda chuo kikuu nikasoma vitabu vizito kuhusu mawasiliano ya umma, lakini ufundi wenyewe nilikuwa nimeshaupata kijijini, upande wa Kishapu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Waya mmoja ulitoka barabara kuu, ukapita mashamba ya pamba, ukaingia nyumba tatu: kwanza ofisi ya kata, kisha shule ya msingi nilikofundisha, na mwisho chumba kidogo nyuma ya ghala la pamba, tulikochapia gazeti la kijiji kwa mashine ya kudurufu. Asubuhi nilikuwa mwalimu, mchana mhariri. Mlio mmoja mrefu ulikuwa wa ofisi, miwili mifupi ya shule, mitatu mifupi ya gazeti. Lakini simu zote tatu zililia kwa pamoja, na aliyetaka kusikia yasiyomhusu hakuhitaji chochote zaidi ya kunyoosha mkono.

Siku moja ya likizo nilikuwa gazetini nikikata stenseli, ile karatasi ya nta ya kudurufia, ukalia mlio mmoja mrefu. Nikanyanyua. Ofisa wa wilaya alikuwa akimwambia Katibu Kata kwamba nguzo zetu zimeliwa na mchwa na mpya hazipo, kwa hiyo laini itafupishwa, iishie ofisi ya kata.

"Shule itawezaje? Na gazeti?" akauliza ofisa.

"Shule ina watoto," akajibu Katibu Kata, "na watoto wana miguu. Wakiwa na neno watalileta."

Nikauma kitambaa. Mwaka uliotangulia simu hiyo ndiyo iliyotuambia kwamba nafasi ya sekondari imepatikana kwa mmoja wa wasichana wangu, na aripoti kesho yake. Barua ya nafasi hiyohiyo ilifika wiki tatu baadaye, yeye akiwa ameshazoea uji wa bweni. Bila ule waya nafasi angepewa mwingine, na nyumbani kwao wageni waliokuja kuposa walikuwa wameshakaribishwa viti.

Kabla sijajua la kufanya, ikaingia sauti nyingine, nzito na ya pole. Mwenyekiti wa wilaya alikuwa amepita kwa yule ofisa, akaomba amsalimie Katibu Kata.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

Msukuma aliyelelewa, mzee akimuuliza kama kuna amani, hujibu. Hafikirii. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa kiganja.

"Mhola duhu," tukajibu. Amani tupu. Tulijibu kwa sauti mbili, ya Katibu Kata na yangu.

"Siku hizi unafanya kazi na mkeo ofisini?" akauliza mzee.

Nikarudisha mkono wa simu taratibu, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku.

Haikupita robo saa, Katibu Kata akawa mlangoni kwangu, anahema.

"Mwalimu, kuna mtu kaitikia salamu yangu."

"Kuitikia salamu ni jambo jema, ndugu Katibu."

"Kwenye simu!"

"Labda ni mwangwi."

"Mwangwi wa kike?"

"Waya ni mrefu," nikasema. "Nani anajua unapita kwa nani."

Akatazama kitambaa mkononi mwangu. "Na humu ndani unafuta ubao gani?"

Shida yangu ilianzia hapo. Nilijua laini inakatwa, lakini nisingeweza kumwambia mtu bila kusema nimejuaje. Kwa ujanja wangu mkubwa nikaandika ukurasa mzima wa kuisifu simu ya pamoja. Katibu Kata akausoma wote, akaukunja.

"Mwalimu, unatetea kitu ambacho hakuna aliyekigusa."

"Natangulia tu."

"Unatangulia sana."

Nikaona makala hayatoshi. Nikaifuata laini kwa miguu hadi barabara kuu, nikiipiga kila nguzo teke na kuhesabu zilizooza. Kisha nikapanda lori la pamba, nikaketi juu ya magunia mpaka Shinyanga mjini. Niliingia kwa Mwenyekiti kichwa kikiwa cheupe kwa nyuzi za pamba, nimezeeka miaka arobaini kwa safari moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu sema tena."

"Shikamoo."

Akafumba macho. "Mhola?"

"Mhola duhu."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe yule mke wa Katibu Kata ni wewe!"

Nikakana. Nilikana kwa bidii, nyuzi za pamba zikidondoka juu ya karatasi zake. Hakubishana nami. Aliuliza tu nguzo ngapi zimekufa.

"Kumi na moja."

"Zisimamisheni wenyewe kabla ya mvua, nami nitawasemea kwa watu wa simu. Msipoweza, waya utaondoka. Jibu nitalitoa mwenyewe."

Sasa nilikuwa na neno la kusema hadharani. Kwenye mkutano wa wazazi mmoja alisema simu ni ya walimu, na nguzo wachimbie walimu. Mama wa yule msichana wa sekondari akaenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni wake ili ukabebe magogo. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana wanaolima kwa zamu, akaleta watu wake. Tulichoma ncha za magogo, tukazipaka oili chafu ya malori ili mchwa wasile. Viganja vyangu vilichubuka mpaka nikawa nashika chaki kwa vidole viwili.

Siku ya tatu alikuja Katibu Kata na sururu. Hakusalimia mtu. Akaanza kuchimba shimo la mwisho, lile la kando ya shule.

"Ndugu Katibu, nguzo za ofisi hazikuliwa," nikamwambia.

"Nachimba," akasema, akachimba kuliko wote.

Fundi wa simu alipita, akatikisa kila nguzo, akaondoka. Wiki iliyofuata, mchana, simu ikalia mlio mrefu, miwili mifupi, mitatu mifupi, bila kupumzika. Nikanyanyua.

"Ofisi ya kata?" akauliza mzee.

"Nipo, baba," akajibu Katibu Kata.

"Shule?"

"Nipo," akasema mwalimu mkuu.

"Gazeti?"

"Nipo."

"Nguzo zimekaguliwa, ziko imara. Waya unabaki kwenye nyumba zote tatu."

Katibu Kata akakohoa. "Mzee, na hawa wanaosikiliza?"

"Ukiwa na la siri, panda lori uje uniambie ana kwa ana. Hiyo laini ni yenu wote. Mwalimu, liandike gazetini leo."