Nani Atoe Shikamoo Kwanza

Karatasi za babu zangu zilikuwa na harufu mbili. Za Babu Magesa, baba yake baba, mfugaji na mkulima wa upande wa Butiama, kwenye njia ya kwenda Buhemba, zilinukia moshi na samli, kwa sababu sanduku lake la bati lilikaa juu ya kichanja jikoni kwa bibi. Za Babu Masatu, baba yake mama, mvuvi wa Buhare pale Musoma, zilinuka samaki. Alizitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo akalisukuma chini ya kitanda, na bado zilinuka furu wa kukausha utadhani zilivuliwa pamoja nao. Mwaka niliokuwa kidato cha pili nilizisoma karatasi hizo zote, na mpaka leo nikipita jikoni kwa mtu nikasikia samli inachemka, nakumbuka somo la historia. Watu huniona wa ajabu nikiwaambia hivyo.

Sisi tulikaa Manyamanyama, mjini Bunda, mbali kidogo na babu wote wawili, na baba alipenda kusema kwamba umbali ule ndio ulioiokoa ndoa yake. Maana wazee wale walikuwa hawaamkiani. Walisoma shule moja ya misheni walipokuwa watoto, na kila mmoja aliapa kwamba yeye ndiye mkubwa. Siku ya mahari ya mama, Babu Masatu alikaa kitini akisubiri shikamoo ya mgeni wake, na Babu Magesa akasimama mlangoni akisubiri shikamoo ya mwenyeji wake, wakatazamana hivyo mpaka mshenga akakohoa na kuanzisha sala ambayo haikuwa kwenye ratiba. Tangu hapo Krismasi tulikula Butiama na Mwaka Mpya tukala Buhare, na wakikutana kanisani kwa bahati mbaya walisemeshana kupitia sisi watoto. "Mwambie mkwe wangu nimemwona." "Mwambie na mimi nina macho." Tulikimbia katikati yao tukipeleka salamu hizo kwa hatua tatu, tukiona ni mchezo mtamu sana.

Mwaka ule wa kidato cha pili mchezo ukanitokea puani. Nilikuwa napokea kipaimara, mama alikwisha kununua kitambaa cheupe cha gauni, na mimi nilitaka jambo moja tu: babu zangu wote wawili wakae meza moja na mimi, siku hiyo moja, basi. Babu Magesa, ambaye kwa utani aliniita mke wangu, alisema atakuja siku Masatu atakapomwamkia. Babu Masatu naye alisema vivyo hivyo, ila yeye alicheka wakati akisema, jambo lililoniudhi zaidi. Nililia mpaka kamasi. Mama akaniambia nizoee, yeye mwenyewe alishazoea tangu siku ya harusi.

Ndipo akaja Mwalimu Bhoke. Alikuwa mwalimu mpya wa historia, binti mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alitukuta sisi tukiwa mabingwa wa kumeza madesa, zile notisi za kunakiliana. Kwetu insha ya historia ilikuwa utangulizi, hoja sita na hitimisho, yaani ukiziweka hoja sita ulishamaliza, hata kama hukuelewa moja. Wiki ya kwanza alisoma insha zetu, akazirudisha bila alama, akasema zote zimeandikwa na mtu mmoja na mtu huyo hayumo darasani. Alitukataza kuandika "inasemekana". Ukithubutu, alisimama mbele ya dawati lako na kuuliza, "Inasemwa na nani?" huku amekutolea macho, na darasa zima linakusaidia kunyamaza. Akatuagiza kila mmoja atafute swali ambalo hata yeye mwalimu hajui jibu lake, akusanye karatasi za kweli kutoka nyumbani, na kila karatasi aiulize maswali matatu: nani aliandika, aliandika lini, na alitaka nani asome. Tuandike kwanza kwa Kiswahili, alisema, Kiingereza kitatukuta njiani.

Sikuhangaika kutafuta swali. Niliandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: Nani mkubwa, Magesa au Masatu? Halafu nikafanya ujanja ambao sikumwambia mwalimu wala wazazi. Nilimtumia kila babu ujumbe kwamba uchunguzi wa kitaalamu unafanyika shuleni, kwamba majibu yatasomwa siku ya kipaimara changu, na asiyekuwapo asilalamike. Jamani, wazee wale walikubali siku hiyo hiyo! Kila mmoja alikuwa na uhakika wa ushindi, na kila mmoja alitaka kuiona sura ya mwenzake.

Likizo fupi ikafika nikazunguka na baba kukusanya ushahidi. Babu Magesa alishusha sanduku, akalifuta masizi, akanipa cheti chake cha ubatizo kilichoandikwa mwaka wa kuzaliwa kwa wino wa buluu uliofifia. Babu Masatu alinipa cheti cha kumaliza darasa la nne, na mwaka wake ulitangulia ule aliomaliza Magesa. "Nilimwacha shuleni," akasema, "nitampaje shikamoo mtoto niliyemwacha shuleni?" Nikarudi Bunda nikaandika hoja sita, nikahitimisha kwamba Masatu ndiye mkubwa kwa kuwa alitangulia kumaliza, na cheti cha ubatizo nikakisahau makusudi kwa sababu kilinivurugia mpango. Mwalimu Bhoke alinirudishia insha na mstari mmoja mwekundu: "Cheti hiki kinapima umri, au kinapima nini?"

Nilimkasirikia wiki nzima. Lakini nilirudi kwa wazee, safari hii na maswali badala ya mfuko wa kubebea karatasi. Nilimuuliza Babu Masatu aliingiaje darasa la kwanza. Akasimama, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akashika sikio la kushoto. Ndivyo walivyopimwa watoto wasio na vyeti: mkono ukifika sikioni umekua, usipofika rudi nyumbani. "Mimi nilikuwaga na mikono mirefu," akajisifu, "nilifika sikioni wakati wenzangu wanakuna utosi." Akaendelea kucheka, hajui kama ameshaivunja hoja yake mwenyewe. Kwa Babu Magesa nako mambo yalikuwa hayo hayo. Alibatizwa akiwa kijana wa kuchunga ndama, akaenda kwa miguu yake, na padri alipouliza mwaka wa kuzaliwa hakuna aliyeujua. "Akanifunua mdomo," babu akasema, "akatazama meno kama anayenunua dume mnadani, akaandika." Kwa hiyo karatasi moja ilipima mikono na nyingine ikapima meno. Nilikuwa nimewaahidi wazee mshindi, na mshindi hakuwapo.

Nilimwendea Mwalimu Bhoke nikamweleza yote, pamoja na ule ujanja, nikamsihi aniruhusu nichague mmoja. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akaniambia kwamba kusema hatujui nako ni jibu, tena gumu kuliko yote, mradi uonyeshe umetafuta wapi. "Andika kile karatasi zinachoweza kubeba, Veronika. Usizitwishe zaidi."

Siku ya kipaimara ikafika. Babu zangu walikaa meza moja, kama nilivyotaka, lakini kila mmoja kwenye pembe yake, makoti yamefungwa vifungo vyote, na katikati yao sato wa Buhare na nyama ya Butiama wakitazamana vilevile. Baada ya chakula nilisimama na gauni langu jeupe, karatasi mkononi. Nilisoma habari ya mkono na sikio. Nilisoma habari ya padri na meno. Nikafika mwisho: kwa karatasi tulizonazo, hatuwezi kujua nani alitangulia kuzaliwa, lililo hakika ni kwamba wote wawili wamenitangulia mimi, nami nawaamkia wote. Shikamooni.

Mama aliinamia sahani. Halafu Babu Magesa akamgeukia Babu Masatu, akamwambia moja kwa moja, bila kupitia mtoto yeyote, "Yaani na wewe uliingizwa shule kwa mkono?" Babu Masatu akasema mkono wake ulikuwa halali. Magesa akasema aonyeshe. Masatu akapitisha mkono juu ya kichwa, ila bega lilishazeeka, vidole vikaishia kwenye utosi. Magesa naye akajaribu, naye akaishia hapo hapo. Wazee wawili, mikono kichwani, wakihangaika kulitafuta sikio mbele ya wageni! "Hatujafikisha umri," Babu Masatu akasema, "turudi nyumbani." Walicheka mpaka koti la Magesa likakatika kifungo, nami nikacheka huku nalia, maana kitu nilichokitaka kilikuwa pale mbele yangu kinapiga kelele. Waliagana jioni kwa kushikana mikono. Shikamoo haikutoka, lakini hakuna aliyeidai tena.

Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu wa historia, Musoma mjini. Wanafunzi wangu wana simu, na madesa siku hizi hayanakiliwi kwa mkono, yanatumwa kwa kidole. Wananiletea kurasa zilizonyooka, hoja sita zile zile, "inasemekana" ile ile, nami nawatolea macho kama nilivyotolewa. Mambo mengi yamekuwa mepesi kwao na siwaonei wivu. Ila hakuna karatasi yao hata moja yenye harufu.

Babu Magesa alitangulia kufariki. Baba na ndugu zake walichonga kwenye msalaba ule mwaka wa padri, kwa kuwa hawakuwa na mwingine. Babu Masatu alikuja kwenye mazishi, akausoma mwaka ule mara mbili. Ni yeye mwenyewe, kitandani pale Buhare, siku zake za mwisho, aliyemwambia mama: "Na mimi niandikieni mwaka huo huo wa Magesa. Nisije nikafika kule akaanza kunidai shikamoo."

Kila mwaka nikianza kufundisha insha, nawagawia wanafunzi picha za misalaba ile miwili na sisemi neno. Wanarukia haraka: mwalimu, hawa walizaliwa mwaka mmoja! Nasubiri. Juzi msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono, akauliza nani aliandika, na alitaka nani asome. Nikamwambia aliandikisha babu yangu, na aliyetakiwa kusoma ni rafiki yake.