Bibi Kiganja na mifupa iliyoutangulia umri

Saa mbili asubuhi foleni nje ya chumba cha eksirei imeshapinda kona. Ndani, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kifuani anainama mbele ya mvulana wa miaka saba ambaye ameificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

“Nipe kiganja,” anasema.

Mvulana anatikisa kichwa.

“Mkono wa kulia baki nao, utaandikia. Mimi nataka huu wa kushoto tu, na nitakurudishia sasa hivi.”

Mvulana anafikiri, kisha anautoa mkono taratibu. Mwanamke anautandaza juu ya meza, anavipanga vidole kimoja kimoja, anamvalisha aproni nzito ya kukinga mionzi na kumwambia asitikisike. Halafu anatoka, anajibanza nyuma ya ukuta wenye kioo kidogo, na kubonyeza kitufe.

Ndiyo kazi yake, na ndivyo ilivyo siku nzima. Anamsogelea mtoto, anamzoea, anamshika mkono, kisha anamwacha peke yake chumbani.

Watoto wanamwita Bibi Kiganja, na siku hizi hata madaktari wamelisahau jina lake la kazini. Ana miaka hamsini na minane. Chumba chake kinahudumia kliniki ya watoto ambao uzito wao umeupita umri. Hupiga picha ya mkono, kisha ya meno: mtoto anang'ata kijiti cha plastiki, na mashine inamzunguka kichwa polepole.

“Hapa kwenye kifundo cha mkono kuna vifupa vidogo,” anaeleza, akionyesha skrini. “Haviji vyote pamoja. Kimoja leo, kingine mwakani. Daktari akiviangalia anajua mifupa ya mtoto imefika umri gani.”

Kwa watoto wengi wenye uzito mkubwa, ingawa si wote, mifupa hiyo hutangulia. Meno nayo huwahi kung'oka na kuwahi kuota. Mtoto wa miaka minane anaweza kukutwa na mkono wa mtoto wa miaka kumi. Wasiojua husema huyu amekua vizuri, wakamsifu na mama yake. Lakini mifupa inayowahi kukomaa inaweza pia kuwahi kuacha kurefuka, na magoti yanabeba mzigo ambao hayakuuomba.

Bibi Kiganja anayajua yote haya kama anavyoijua njia ya kwenda kwake. Hilo ndilo linalomuuma.

Kwake ni vyumba viwili ghorofa ya tatu. Akirudi jioni huwasha redio katika chumba ambacho hayumo, asikie kama kuna mtu. Mumewe alifariki zamani kidogo. Ukutani picha yake inacheka, ikiwa imening'inizwa chini kuliko inavyostahili, usawa wa macho ya mtoto.

“Aliishusha mke mwenzangu,” anasema, akimaanisha mjukuu wake. “Mume mwenyewe keshaondoka, tukabaki wawili tunagombania picha.”

Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yake wa pekee. Aliletwa akiwa na miaka mitatu, mama yake alipopata kazi mji mwingine, na akakaa zaidi ya miaka minne. Bibi alimlea kama yai. Asubuhi mkate wa siagi na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Akitoka shule, sahani. Kabla ya kulala, biskuti na maziwa, asije akaota njaa.

“Nilikuwa nakaa hapa, yeye pale, namwangalia anavyokula. Basi nyumba inajaa,” anasema. “Akisema nimeshiba, mimi roho inasinyaa. Namwambia, ongeza kidogo, mke mwenzangu, utanishindaje nguvu?”

Mtoto alipoanza kung'oka meno akiwa na miaka mitano, bibi alitamba kazini. Alipomzidi urefu kila mtoto wa darasa lake, alitamba tena. Majirani walimpongeza, naye akazipokea pongezi kwa mikono miwili. Mchana kutwa alikuwa anawapiga picha watoto wa namna hiyo, jioni anarudi kumpakulia wake. Ukimuuliza ilikuwaje asione, anaifuta miwani yake.

“Wale walikuwa wagonjwa,” anasema. “Huyu alikuwa wangu.”

Binti yake aliporudi kumchukua mtoto, alimkuta anahema kwenye ngazi. Aliomba apelekwe hospitali. Bibi alicheka, akasema si mbali, atampiga picha mwenyewe, na wote wataona mtoto ana afya ya kupindukia. Alimtandaza vidole akimtania. Picha ilipotokea kwenye skrini, akavuta kiti akakaa.

Mtoto alikuwa na miaka saba na nusu na kilo arobaini na moja. Mifupa yake ilikuwa imemtangulia karibu miaka miwili. Bibi aliijua picha ile kabla daktari hajaitiwa, na binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliusoma uso wa mama yake bila kuhitaji daktari.

“Mama,” alisema. “Si ndiyo kazi yako hii?”

Hakupaza sauti. Bibi Kiganja anasema afadhali angepaza. Wiki ile ile mtoto alifungiwa nguo zake, na tangu hapo ni simu za Jumapili tu. Bibi anauliza hujambo, mtoto anajibu sijambo, kisha simu inarudi kwa mama yake. Likizo mbili zimepita. Kila mara bibi aliomba aletewe mjukuu, kila mara akajibiwa tutaona, na kwa jinsi lilivyotamkwa alijua ni hapana.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku ya mtoto kurudia vipimo. Bibi aliomba mwenzake wa kazini akae kwenye mashine, mwenzake akakataa katakata. “Mtoto wako, bibi. Piga moyo konde,” alimwambia.

Wakaingia, mama na mtoto. Binti alikuwa amevaa nguo za kazini, maana mji wanaokaa ni mwendo wa saa moja tu kwa basi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mmefika salama?”

“Salama.”

Mtoto amerefuka, uso umechongoka kidogo. “Shikamoo, bibi,” alisema.

“Marahaba, mke mwenzangu.”

Mtoto alimgeukia mama yake kwanza, kama anayeuliza iwapo anaruhusiwa kucheka. Bibi Kiganja aliliona hilo, na anasema halijamtoka moyoni mpaka leo.

Utaratibu ni kwamba mzazi husubiri nje. Mlango ukafungwa, wakabaki wawili. Bibi alimvalisha aproni, akautandaza mkono wa kushoto, akavipanga vidole, akavipanga tena ingawa vilikuwa vimeshakaa sawa. Kisha akageuka kwenda nyuma ya ukuta.

“Bibi, unakwenda wapi?”

“Hapa tu. Nakuona kwenye kioo.”

“Mimi sikuoni.”

Ilibidi asubiri kidogo kabla ya kubonyeza, anasema, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Picha ilitoka safi. Daktari aliilinganisha na ya zamani mbele yao wote. Mifupa haikuwa imezidi kukimbia. Umri ulikuwa umeanza kuikaribia. Mtoto alikuwa amerefuka, na uzito ulikuwa pale pale. Daktari akampongeza mama wa mtoto, na mama wa mtoto, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi, akatabasamu ndani ya chumba kile.

Bibi Kiganja naye alitabasamu. Alifurahi kweli, wala si kwa kujikaza. Lakini picha ile ilikuwa na habari nyingine ambayo daktari hakuisoma: mtoto alikuwa amestawi kwa kuwa mbali naye. Alimshukuru Mungu na kumeza mate machungu kwa wakati mmoja.

Nje, kwenye ukumbi, ndipo alipoomba tena. Siku moja tu, alisema. Asubuhi mpaka jioni.

Binti alichezea mkanda wa mkoba wake.

“Jumamosi nitamleta,” alisema. “Lakini chakula chake nitafunga mwenyewe, mama. Cha mchana na cha jioni. Usimwongeze hata tonge.”

Mtu mwingine angehamaki. Kuletewa mjukuu na chakula kilichofungwa, kana kwamba kwako hakuna jiko! Bibi Kiganja hakuhamaki. “Sitaongeza hata chumvi,” alijibu, na binti akaitikia kwa kichwa.

Sasa ni Alhamisi, foleni imekwisha na anafuta meza ya mashine kwa kitambaa chenye dawa. Ameshaligawa kopo la biskuti kwa majirani. Sufuria kubwa ameipandisha juu ya kabati, mahali asipofikia bila kiti. Kinachomsumbua sasa ni siku yenyewe ilivyo ndefu.

“Sijui tutafanya nini kutwa nzima,” anasema. “Miaka yote ile shughuli yetu ilikuwa kula.”

Anaizima mashine, anavua koti jeupe na kulitundika. Mpango wake, anasema, ni kumuuliza mtoto mwenyewe anapenda nini, kisha wafanye hicho, hata kiwe kuruka kamba na magoti yake haya ya kizee.

“Unajua sijawahi kumuuliza?” anasema. “Nilikuwa namuuliza kama ameshiba.”