Kikombe cha Juisi ya Ndizi

Watu wa kijijini kwetu Ihembe waliambiwa nimekwenda Dar es Salaam kutibiwa magoti. Hata mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha aliambiwa hivyo hivyo. Magoti yalikuwa yananiuma kweli, na sukari ilikuwa imeanza kunipanda, lakini kilichofanyika Dar ni upasuaji wa tumbo. Madaktari walitenga sehemu ndogo ya mfuko wa chakula, ukubwa wa yai, wakaiunganisha moja kwa moja na utumbo, ili nile kidogo nipungue. Aliyejua ni mume wangu tu, na nilikuwa nimemwapisha. Kwetu mwanamke mnene husifiwa kwamba anatunzwa. Ningeanzaje kumwambia mama mkwe kwamba nimeomba kukatwa ili matoke yake yasinienee tumboni?

Nilipewa masharti kabla ya kuruhusiwa: nile kijiko kimoja kimoja, nisiguse vitu vitamu, nimeze vidonge vya vitamini kila siku bila kuruka. Vidonge nilivificha chini ya nguo sandukuni. Siku ambazo mama mkwe alishinda chumbani akinihudumia, sikuvimeza.

Wiki ya tano baada ya upasuaji jirani alikuja kunijulia hali. Ni mwanamke wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Burundi, naye huishi kwa kulima na kuchuma kahawa kwenye vibanja vya watu, mashamba ya migomba na kahawa. Alikuja na kibuyu cha juisi ya ndizi, aliyoikamua asubuhi hiyo. Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale. Nilijua sitakiwi kuionja. Lakini ningeirudishaje wakati ameibeba kutoka mteremko wa pili kwa ajili yangu? Halafu nilikuwa na kiu. Nikamaliza kikombe kizima.

Haikupita robo saa. Moyo ulianza kunipiga kwa kasi nisiyoweza kuihesabu, jasho likanitiririka mgongoni, tumbo likasokota, macho yakaingia giza. Nilianguka kwenye mkeka nikiwa nasikia kila kitu.

"Umempa nini?" mama mkwe alipiga kelele. "Umempa nini mke wa mwanangu?"

"Ni ndizi tupu, mama. Hata mimi nimeinywa."

"Basi inywe tena, nikuone!"

Jirani aliinua kibuyu akanywa mbele yetu, juisi ikimmwagikia kifuani.

Saa moja baadaye nilikuwa nimekaa, nimepoa. Nilijua kabisa kilichonipata. Daktari wa Dar alikuwa amenieleza kwamba sukari nyingi ikishuka ghafla kwenye utumbo, mwili wa mtu aliyekatwa kama mimi hufanya hivyo. Sentensi moja ingetosha kumwondolea yule jirani lawama. Nikamtazama anavyofunga kitenge chake aondoke, nikanyamaza.

Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimefika kanisani. Wanawake waliacha kukaa naye benchi moja. Aliyekuwa akimpa kazi ya kuchuma kahawa alimwambia mwaka huu ana watu wa kutosha. Mume wangu aliniuliza, "Tutasema lini?" Nikamjibu, "Nikipata nafuu."

Nafuu haikuja. Wiki iliyofuata nilianza kutapika, na hali hii haikuwa kama ile ya siku ya juisi. Katogo laini, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, ilirudi, uji ukarudi, mwishoni hata maji yalikwama hapa katikati ya kifua kisha yakapanda. Vidonge nilivyojaribu kuvimeza vilirudi vizima. Nilipungua kwa namna ambayo hata mimi, niliyetaka kupungua, niliogopa kujitazama kwenye kioo. Mama mkwe alisema sumu inatembea. Akaanza kuniambia habari za mganga fulani wa Bweranyange anayetoa sumu mwilini. Nami niliitikia kwa kichwa tu, huku moyoni nikijiuliza kama ule mshono umepasuka, kama naoza kwa ndani na hakuna anayejua.

Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja nilisimama niende uani, nikaona milango miwili. Nikashika ule usiokuwepo, nikaanguka. Nilimwita mume wangu nikashindwa kupata jina lake, jina ninaloliita kila siku. Hapo ndipo iliponishika hofu ya kifo yenyewe. Meno yaligongana mchana wa jua kali.

Mume wangu aliazima gari la jirani mwingine, wakanipeleka hospitali. Mama mkwe alikaa nyuma akiwa amenipakata kichwa. Daktari alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu. Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

Mama mkwe alinijibia. "Hajapasuliwa popote. Amelishwa sumu."

Muuguzi alikuwa ameshatundika dripu ya sukari, akitafuta mshipa. Mume wangu alinitazama, akafungua mdomo. Niliona lazima niseme mwenyewe.

"Nimekatwa tumbo," nilisema. "Dar. Ili nipungue. Miezi miwili sasa. Hakuna sumu, mama. Hakukuwa na sumu."

Daktari aliushika mkono wa muuguzi. "Subiri kwanza." Alitoka na simu, akaongea na madaktari walionipasua, akarudi na sindano nyingine. Alinieleza baadaye kwamba mwili wangu ulikuwa umeishiwa vitamini B1, na kwamba kuwekewa sukari kabla ya vitamini hiyo kungeweza kuniharibu ubongo. Ningenyamaza dakika chache zaidi, sijui ningekuwa nani leo.

Baadaye tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Nilisubiri anitukane.

"Ungeniambia," alisema, "ningekupikia kidogo."

Akageuza uso ukutani akalia. Nadhani hakuwa akinililia mimi tu.

Nilipelekwa Mwanza. Huko waliona pale madaktari wa Dar walipounganisha pamekuwa pembamba mno, chakula hakina pa kupita. Walishusha mpira kooni wakapapanua, mara tatu kwa wiki tofauti. Macho yalirudi. Miguu ilirudi nusu. Mpaka sasa siwezi kujua kwa nyayo kama nimekanyaga majani au saruji.

Niliporudi, mimi na mama mkwe tulikwenda kwa jirani. Nilimweleza yote, nikafunua tumbo nikamwonyesha makovu. Aliyaangalia.

"Siku ile ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Mwalimu, tangu siku ile, kila mara mtu alipougua kijijini humu, nilifungasha nguo za watoto. Nilisubiri waje kunifukuza."

Niliomba msamaha, na Jumapili nikasimama kanisani nikasema mbele ya watu wote. Amerudishiwa kazi ya kahawa. Tukikutana njiani ananisalimia vizuri, ananiuliza miguu inaendeleaje.

Lakini hajaleta tena kitu nyumbani kwangu. Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, nilimkaribisha, nikawakaanga, nikawaweka kwenye sahani mbele yake, nikala wangu watatu, taratibu, nikitafuna mpaka wakawa uji. Yeye alisema ameshiba.